Kompyuta Ikijaa, Usifute Picha za Watu: Weka Diski ya Pili

Mwezi huu tunaingia ndani ya kompyuta, na tukisema ndani ni ndani kweli. Tunafungua kile kisanduku ambacho wengi wetu tunakiita sipiyu, tunaweka diski ya pili karibu na ile ya kwanza, kisha tunafunga. Fundi mzoefu huimaliza kazi hiyo kwa nusu saa hivi. Anayejifunza atenge asubuhi nzima, na asianze wakati jenereta inakaribia kuzimwa.

Pengine utasema: hayo ni mambo ya mafundi, gazeti la familia yanalihusu nini? Hebu fikiria kilichomo ndani ya kompyuta moja ya kikundi, ya kanisa, au ya kijana anayesafisha picha pale sokoni. Kuna picha za arusi na za matanga. Kuna diploma ya Serikali iliyopigwa skani kabla mvua haijaimaliza karatasi yenyewe. Kuna cheti cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule, picha ya bibi aliyebaki upande wa pili. Wengi wetu tulitoka na mfuko mmoja wa plastiki, na wengine hata huo hawakuupata. Kwa hiyo ile nakala iliyomo kwenye kompyuta, mara nyingine ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani.

Sasa siku moja skrini inaandika kwamba nafasi imekwisha. Kompyuta inakuwa nzito, barua haihifadhiki, picha mpya hazipokelewi. Anatokea mtu anaanza kufuta. "Hizi za zamani ni za nani? Mwenyewe si alishahamia Kanada?" Anafuta, nafasi inapatikana, kazi inaendelea. Baada ya miezi mitatu mwenyewe anaandika kutoka huko huko Kanada akiomba nakala ya cheti chake.

Kilichofutwa si kwamba kimeondoka palepale. Kompyuta inaweka tu alama kwamba sehemu ile sasa ni wazi, na faili lenyewe linabaki mpaka kazi ya mtu mwingine iandikwe juu yake. Ndiyo maana ukigundua kwamba kimefutwa kitu cha thamani, jambo la kwanza ni kuacha kuitumia kompyuta hiyo kabisa, hata kwa muziki, halafu umtafute fundi mwenye programu ya kurudisha mafaili. Lakini kwenye kompyuta inayotumiwa na watu ishirini kwa siku, ni nani atakayewazuia? Ni rahisi zaidi kuongeza nafasi kabla ya siku hiyo.

Diski ni kitu gani

Hadidiski, au tuseme diski kwa kifupi, ni kile kichuma cha ukubwa wa kitabu kidogo ambamo kompyuta inaweka kila kitu inachotakiwa kukumbuka hata ikizimwa. Ndani yake mna sahani moja au kadhaa zinazong'aa kama kioo, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani kuna mkono mdogo wenye kichwa cha kusoma na kuandika. Kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko punje ya vumbi. Hapo unaelewa mwenyewe kwa nini diski haifunguliwi "kuangalia kidogo tu", na kwa nini kompyuta haihamishwi kutoka meza hii kwenda ile ikiwa imewashwa.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61, na yote pamoja ilibeba herufi milioni tano hivi. Hiyo ni nafasi ya picha moja nzuri ya simu ya leo. Diski ya giga 500 iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi inabeba picha kama hizo zaidi ya laki moja kwa pembeni ya meza.

Tukitaja giga, tuseme na jambo linaloleta ugomvi sokoni. Diski imeandikwa 160, ukiifunga kompyuta inaonyesha 149. Ya 500 inaonyesha 465. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu giga moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu kuwa 1,073,741,824. Ni debe lile lile, kipimo tofauti. Muuzaji msamehe.

Angalia kwanza, ndipo ununue

Kosa la kawaida ni kununua diski halafu kufungua kompyuta. Fungua kwanza. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ubavu wa kisanduku kwa bisibisi (sisi wa Kongo tunasema turnevisi, ni ileile), utazame diski iliyopo imefungwaje.

Ukiona utepe mpana wa kijivu, kama vidole vitatu hivi, wenye nyaya nyingi zilizolala pamoja, hiyo ni aina ya zamani inayoitwa IDE. Ukiona waya mwembamba bapa, mara nyingi mwekundu, wenye kichwa kidogo, hiyo ni SATA, iliyoanza kuenea kuanzia mwaka 2003. Vichwa vyake havilingani hata ukivibembeleza vipi. Zipo kompyuta za miaka ya 2004 hadi 2008 hivi zenye aina zote mbili, na hapo una bahati. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua SATA. Diski nzima za IDE zimekuwa adimu, na nyingi zinazouzwa zimekwisha kazi.

Wenye kompyuta za zamani sana wakumbuke pia mpaka wa giga 137. Mashine zilizotengenezwa kabla ya 2002 hivi, na Windows XP ile ya kwanza kabisa isiyofanyiwa marekebisho, hazikuweza kuhesabu kupita hapo. Ukiifunga diski ya giga 250, itaonekana 137 tu, au inaweza kukuvurugia mafaili mbele ya safari.

Tazama pia kama kuna kibanda wazi cha kuipachika diski ya pili, kama kwenye mazabodi kuna tundu la SATA lisilotumika, na kama pawasaplai ina kichwa kimoja cha ziada. Kichwa kikikosekana, kuna waya wa kugawanya, wa bei ndogo. Wanaotumia sola wapige hesabu kidogo: diski ya kawaida inakula wati 6 hadi 10 ikifanya kazi, lakini sekunde zile za kwanza za kuanza kuzunguka inaweza kuvuta mpaka 25. Inveta ndogo iliyokuwa tayari inalalamika, hapo itazima.

Diski nyingi zinazotufikia ni mtumba. Usitoe pesa kabla ya kuiona imewashwa. Sikiliza: mvumo laini ni mzuri. Ikigonga tik, tik, tik kama saa ya ukutani, irudishe kwa mwenyewe hata kama anapunguza bei. Mwombe fundi aipime kwa programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo, ambayo inaonyesha imefanya kazi saa ngapi na kama ina sehemu zilizoharibika zikahamishwa. Diski iliyoanza kuhamisha sehemu mbovu itabeba muziki na filamu, haifai kuwekewa diploma za watu.

Na ukikuta ndani yake mna picha za familia usiyoijua? Inatokea. Usizitazame kama sinema. Uliza muuzaji aliipata wapi, jaribu kumpata mwenyewe. Akikosekana, zifute kwa heshima.

Siku ya kazi

Kuna swali ambalo akina mama huuliza na mafundi vijana hulijibu haraka mno. "Mwanangu, picha zangu zitabaki?" "Zitabaki, mama, usijali," naye macho yako kwenye skrubu. Sisi tungependa ajibu hivi: "Mama, kwanza tuzinakili kwenye flashi yako uishike mkononi, ndipo nifungue." Kuongeza diski hakugusi kilichomo kwenye diski ya zamani, hilo ni kweli. Lakini waya unaweza kulegea, umeme unaweza kuruka, mkono unaweza kuteleza. Nakili kwanza.

Zima kompyuta kwa utaratibu wake, chomoa waya wa umeme kutoka ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Lala kompyuta ubavu juu ya meza. Kama umevaa sweta, vua. Msimu wa kiangazi hewa ikiwa kavu, mwili hubeba umeme mdogo ambao wewe huuhisi lakini kifaa kinauhisi zaidi. Gusa chuma kitupu cha kisanduku kabla ya kushika diski, na urudie kila ukiondoka na kurudi. Diski ishike pembeni, usibonyeze ubao wa kijani ulio chini yake.

Vumbi letu mnalijua. Kwa kuwa kisanduku kimefunguka, lisafishe kwa brashi laini na kavu ya rangi, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Kitambaa chenye maji hapana. Skrubu zote ziweke kwenye kifuniko cha chupa, na mtoto wa miaka miwili akae kwa shangazi yake kwa muda huo.

Ingiza diski kwenye kibanda, ikiwezekana uache nafasi moja wazi kati yake na ya zamani, kwa sababu zote mbili zinatoa joto. Ifunge kwa skrubu nne, mbili kila upande. Skrubu ikikataa baada ya kuzunguka mara mbili, si yake. Tafuta nyingine, usilazimishe. Usiiache diski inaning'inia kwa nyaya zake eti kibanda hakuna. Mtetemo utaiua.

Kwa SATA, kilichobaki ni vichwa viwili: chembamba kutoka kwenye mazabodi na kipana kutoka kwenye pawasaplai. Vyote vina umbo la herufi L, kwa hiyo vinaingia upande mmoja tu. Kwa IDE kuna hadithi zaidi. Utepe mmoja unabeba diski mbili, na lazima zijue nani mkubwa na nani mdogo. Hilo linapangwa kwa kipande kidogo cha plastiki kiitwacho jampa, kinachovalishwa kwenye vipini nyuma ya diski, na mchoro wa kuvalisha uko kwenye lebo ya diski yenyewe. Ya zamani yenye Windows iwe ya kwanza, mpya iwe ya pili. Zikiwa zote mbili za kwanza, zinagombana na hakuna itakayoonekana. Mstari mwekundu kwenye utepe uelekee upande wenye alama ya pini namba moja, ambao mara nyingi ni ule ulio karibu na tundu la umeme.

Kabla ya kufunga ubavu, sukuma tena waya za diski ya zamani. Nusu ya simu za "fundi, kompyuta haiwaki tena" ni waya uliosogezwa na kiwiko.

Washa. Ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu inapoamka (kuna mashine zinazotaka F10), uone kama diski zote mbili zimeorodheshwa. Isipoonekana, zima, chomoa, badilisha waya kabla ya kuilaumu diski. Dell za ofisini za miaka ile zina tabia yao: tundu la SATA lisilotumika limezimwa ndani ya BIOS, na mpaka uliwashe pale, utahangaika kutwa. Na kama kompyuta inajaribu kuamkia kwenye diski mpya, rudisha ile ya zamani iwe ya kwanza kwenye orodha ya kuamkia.

Hapa ndipo pa hatari

Skrubu na nyaya zinawatisha watu, lakini skrubu haijawahi kumfutia mtu diploma. Hatari yenyewe inakuja ukishakaa kwenye kiti, kipanya mkononi, unataka kuifomati diski mpya ili ianze kutumika. Kufomati ni kuitayarisha upya ikiwa tupu. Ukikosea ukafomati ya zamani, umefuta kila kitu cha kila mtu.

Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, uandike diskmgmt.msc, ubonyeze Enter. Uzuri wa njia hii ni kwamba inafanya kazi hata kama Windows yako ni ya Kifaransa. Utaona diski zimepangwa kwa mistari, mara nyingi ya zamani ikiitwa 0 na mpya 1. Usiamini namba peke yake, angalia ukubwa. Kama ya zamani ni giga 80 na mpya ni 500, ile inayosomeka 465 ndiyo mpya. Zikiwa na ukubwa sawa, tunashauri hivi: zima, chomoa ile mpya, washa, andika kwenye karatasi unachokiona. Kisha rudisha. Kilichoongezeka ndicho kipya. Ni dakika kumi za ziada, na mtu akikucheka mwache acheke. Tena muwe wawili mbele ya skrini, mmoja asome kwa sauti kabla mwingine hajabonyeza.

Diski isiyo na kitu Windows itauliza iandaliwe kwa MBR au GPT. Kwa chini ya tera 2 zote zinafaa, ila XP ya kawaida haiisomi GPT. Ikiulizia mfumo wa mafaili, chagua NTFS, kwani FAT32 haikubali faili moja linalozidi giga 4. Ipe jina linaloeleweka, mfano KUMBUKUMBU, si "New Volume" inayofanana na zote. Wanaotumia Ubuntu watakuta diski zinaitwa sda na sdb, na programu ya GParted inafanya kazi hiyo hiyo, kwa hatari ile ile.

Sasa nakili. Giga 100 kwenye mashine ya zamani zinaweza kuchukua saa moja au mbili, kwa hiyo uliza kwanza umeme utakuwepo mpaka saa ngapi. Windows na programu ziache zilipo, nakili folda za picha, barua na skani. Ukimaliza, fungua picha kumi huku na huku, ulinganishe idadi ya mafaili pande zote mbili. Hapo ndipo unaweza kufuta muziki na filamu kwenye diski ya zamani ili ipumue.

Vyeti na picha za familia usivifute huko. Watu wengi huhamishia kila kitu kwenye diski mpya, wanaifuta ya zamani, wanasema sasa tuna diski mbili tuko salama. Kumbe nakala bado ni moja, tena imekaa kwenye diski ya mtumba. Vyeti vyote vya zoni nzima havijazi hata kona ya diski, viache pande zote mbili.

Na hata hivyo, diski zote mbili zimo katika sanduku moja. Radi, jenereta iliyorusha umeme, mwizi, moto au virusi havichagui. Nakala ya tatu ikae mahali pengine, kwenye flashi au diski ya nje, kwa ndugu wa zoni nyingine, na mkaipime kila baada ya miezi michache kama bado inafunguka.

Jambo la mwisho ni siri. Kompyuta ya kikundi inafunguliwa na kila mtu, na karatasi nyingine zinaeleza ni kwa nini mtu alikimbia na alimkimbia nani. Hizo zisikae wazi. Programu ya bure ya 7-Zip inaweza kuifunga folda kwa nenosiri kiasi kwamba hata fundi haioni, ila ukilisahau neno lenyewe hakuna wa kukusaidia, kwa hiyo liandikwe na kuwekwa na mzazi, mbali na kompyuta. Na diski mkiitoa kwa kuuza au kumpa mtu, kumbukeni kilichofutwa kinarudishika. Ifungeni kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, muifomati kikamilifu, si ile ya haraka ya sekunde chache. Kuanzia Windows Vista, fomati kamili inaandika sifuri kwenye diski nzima. Inachukua saa kadhaa.

Ukifunga ubavu, bandika kipande cha plasta kwenye kisanduku, uandike tarehe, ukubwa wa diski mpya na jina la aliyeifunga. Skrubu zilizobaki zitie kwenye bahasha uibandike ndani ya ubavu. Fundi atakayekuja baadaye atazitafuta.